Kambi Upande wa Pili wa Reli

Jumanne, 11 Juni 2019

Kiwanda cha sukari cha Yarrawin kimepiga king'ora asubuhi, msimu wa kusaga miwa umeanza, nami naanza daftari jipya. Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye chumba cha redio pale kiwandani nikiwaongoza madereva wa treni za miwa: wewe subiri, wewe pita, wewe unaota nini huko. Sasa nimestaafu. Kila Jumanne naongoza treni ndogo za mfano, za kuendeshwa mezani, kwenye ukumbi wa chama chetu, na madereva wa zamani wanasema sauti yangu haijapungua hata kidogo.

Leo tumekubaliana cha kujenga kwa maonyesho ya Novemba: yadi ya kiwanda na njia yake kutoka darajani, kama ilivyokuwa Oktoba 1958, injini za mvuke zikiwa bado zinafanya kazi. Mwenyekiti wetu, Murray Pomfret, alitaka 1950. Aliyeng'ang'ania 1958 ni Silvio Bressan.

"Miaka yote ya mvuke, bwana wee, umeuona huo tu?" Murray akamuuliza.

"Huo."

"Una nini huo?"

"Nina picha nzuri za injini," Silvio akasema, akaendelea kunywa chai.

Hakuna aliyecheka. Wote watatu tunajua kilichotokea Oktoba 1958. Nitakiandika hapa mara moja, basi. Injini iliyoitwa Bettina, ikivuta mabehewa arobaini ya miwa, ilitoka darajani, ikapinda kona, ikaingia njia ya pembeni na kugonga mabehewa matupu. Mtia makaa, Colin Apted, wa miaka kumi na tisa, alikufa. Dereva alikuwa Ottavio Bressan, baba yake Silvio. Mwenye bendera, aliyesimama kwenye mkono wa kugeuzia reli, alikuwa Wilf Tranter, baba yangu. Baba aliwaambia wachunguzi kwamba aliiona Bettina tangu ilipotoka darajani na akaipeperushia bendera nyekundu muda wote. Ottavio alisema hakuona bendera yoyote mpaka alipokuwa karibu kabisa, na breki hazikuwahi. Wakamwamini baba. Ottavio alifukuzwa, akaishia kukata miwa kwa panga. Baba alipandishwa cheo mwaka uliofuata.

Silvio na mimi tuko chama kimoja kwa miaka ishirini na sita, na hatujawahi kulitaja jambo hilo.

Jumanne, 18 Juni

Ugomvi. Kutoka darajani hadi mkono wa reli ni mita mia moja na tisini. Sisi tunajenga kila kitu mara arobaini na nane kidogo kuliko cha kweli, kwa hiyo mezani inakuwa karibu mita nne. Kila mtu katika kazi hii hubana umbali: unabakiza majengo na kona muhimu, unakata katikati, na macho ya mtazamaji yanajaza yenyewe. Murray akasema mita mbili na nusu zinatosha kabisa.

"Hapana. Mita nne," Silvio akasema.

"Silvio, kaka, hata wakubwa wa Brisbane wanabana!"

"Wabane. Mbao za kuongeza nitaleta mimi."

Huyu mtu ni kisirani. Mwaka juzi aling'oa paa la stesheni nililolijenga kwa wiki tatu kwa sababu misumari ilikuwa mikubwa mno. Misumari! Nikamwambia anapima hata pumzi yake. Akaniambia ndiyo, daktari amemwamuru. Nikacheka bila kupenda.

Jumanne, 25 Juni

Mbao zimefika. Tumezipaka rangi pande zote sita, maana mbao isiyopakwa chini hunywa unyevu wa Januari na reli zote zinapinda.

Jumanne, 9 Julai

Siku nzuri. Tumelaza reli. Kokoto yetu ni mchanga wa mtoni uliochekechwa kwa soksi ya nailoni. Unaunyunyiza kati ya mataruma yanayobeba reli kwa kijiko, unausawazisha kwa brashi laini, kisha unadondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji. Bila tone la sabuni ya vyombo gundi inakaa juu kama shanga na haizami. Murray kasahau sabuni tena, mwenyekiti wa miaka kumi na minne.

Miwa tunaitengeneza kwa nyuzi za zulia la mlangoni. Nimeshakata mazulia mawili. La tatu lilikuwa la mlangoni kwangu.

Jumanne, 16 Julai

Mji mzima unanuka molasi. Sikwenda, goti linauma.

Jumanne, 30 Julai

Silvio ameleta Bettina. Ametumia miezi kumi na nne kuijenga kwa shaba. Lazima niandike ukweli hata kama unanikera: sijaona kazi kama ile. Kutu ya kwenye tangi ni kutu halisi, ameloweka nyuzi za chuma kwenye siki na kupaka maji yake. Halafu akatuonyesha cha ziada. Mbele, mahali pa dirisha la dereva, ameweka kamera ndogo kuliko punje ya mahindi, na picha yake inaonekana kwenye televisheni. Tukaiendesha kwenye reli tupu. Unaona anachokiona dereva.

"Watoto watapenda," Murray akasema.

"Labda," Silvio akasema.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeanza majengo. Ramani tunayotumia niliichora mwenyewe mwaka 1994, kutoka ramani ya kiwanda ya 1964. Chama kizima kinaiamini kuliko macho. Tangi la maji, ofisi ya mizani, kambi ya wakata miwa: chumba kirefu cha mbao juu ya nguzo, vitanda ishirini na vinne. Ramani inaiweka nje ya kona, upande wa mtoni.

Jumanne, 20 Agosti

Nitaandika polepole ili nisikosee.

Nilikwenda maktaba kutafuta rangi ya kambi. Wamepata sanduku la picha za familia moja iliyohamia Townsville. Moja ilipigwa kutoka juu ya tangi la maji, wakati wa mafuriko ya Machi 1958. Maji yamefika kwenye mataruma. Daraja linaonekana nusu. Nusu nyingine imezibwa na kambi ya wakata miwa, ambayo iko ndani ya kona, kati ya daraja na mkono wa reli.

Nilidhani picha imechapwa kinyume. Nikatafuta tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya mizani: herufi zinasomeka sawasawa.

Huku kwetu nyumba zinahama. Zimekaa juu ya nguzo, wanaingiza jeki, wanaipakia kwenye lori, inaondoka na mapazia yake dirishani. Nyumba ninayokaa ilikuwa mtaa mwingine mpaka 1972. Najua hayo tangu nikiwa mdogo, na bado nilichukua ramani ya 1964 nikachorea mwaka 1958, kana kwamba jengo la mbao linaota mizizi. Kosa ni langu mwenyewe.

Kama kambi ilikuwa ndani ya kona, mtu aliyesimama kwenye mkono wa reli haoni darajani. Na aliye darajani hamwoni yeye. Nimefanya kazi ya kuongoza treni maisha yangu yote, sihitaji mtu kunifafanulia.

Jumanne, 27 Agosti

Silvio alikuja nilipokuwa nakata madirisha ya kambi. Akasimama kidogo.

"Dada, una hakika hiyo ilikuwa upande wa mtoni?"

"Ramani ndivyo inavyosema."

"Baba alikuwa akisema kuna kambi pale konani. Lakini alikuwa anasema mengi."

"Ramani ya kiwanda, Silvio. Si yangu."

"Haya," akasema, akarudi kwenye injini yake.

Picha ilikuwa ndani ya mkoba wangu, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama.

Jumanne, 3 Septemba

Tumepanda miwa mezani. Picha bado imo mkobani.

Jumanne, 10 Septemba

Wiki hii mashine imevuna shamba la kando ya daraja. Nilikwenda asubuhi na futi ya kupimia, nikijiambia natembeza goti. Kwenye ukingo wa shamba, mahali mashine inapogeukia na plau haifiki, kuna visiki vya nguzo za mbao ngumu, vimekatwa usawa wa udongo. Safu mbili. Nimehesabu ishirini na viwili, vingine vimeoza. Upana na urefu ni wa kambi, ndani ya kona, kama picha inavyoonyesha.

Nikasimama mahali mkono wa reli ulipokuwa. Mwenye shamba, kijana wa Cavallaro, akapita na gari, akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia pete.

Nilikaa kwenye nyasi nikalia. Siandiki hivyo ili nionewe huruma. Nimelia kwa hasira. Baba alinisimulia ajali hiyo mara mia moja mezani: jinsi mkono ulivyochoka kwa kupeperusha, jinsi Muitaliano yule alivyokuja bila kuangalia. Mimi nikarudia shuleni, na watoto wengine wakamtupia Silvio maneno hayo hayo. Sijui baba alikuwa wapi siku ile. Labda alikuwa pale pale na bendera mkononi, akaona injini dakika za mwisho kama Ottavio alivyomwona yeye. Labda hilo tu, na hakuna aliyekuwa na kosa zaidi ya waliojenga kambi pale. Lakini alisema ameona asichoweza kuona, na kazi ya mtu ikaondoka.

Na kiwanda? Nimeangalia pia daftari la zamani la kazi za kiwanda. Kambi ilihamishwa Desemba 1958, miezi miwili baada ya ajali. Sababu haikuandikwa. Ukiamini kwamba dereva ndiye mzembe, jengo unalihamishia nini?

Jumanne, 17 Septemba

Nilimwambia Murray. Nilimpeleka nje, nikampa picha. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Duh," akasema. "Mzee Wilf."

"Ndiyo."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi sikiliza, Noelene. Iondoe kambi. Tuseme nafasi haikutosha. Wote tunaacha majengo, hakuna atakayeuliza."

"Silvio ameuliza."

"Silvio anauliza misumari! Wazee wote wawili wako kaburini. Unataka kumfukua babako kwenye maonyesho ya treni, mbele ya watu wanaokula soseji?"

Murray ni mtu mwema, na alichosema ndicho nilichotaka mtu aniambie. Nilirudi nyumbani nikiwa nimetulia. Utulivu huo ulidumu mpaka chakula cha jioni.

Jumanne, 24 Septemba

Nimeondoa kambi mezani. Nimepanda miwa pale ilipokuwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Joto limeanza. Kiwanda kimesimama siku mbili, mkanda umekatika.

Silvio anatengeneza watu. Urefu wa sentimita tatu na nusu, anawachonga kwa waya na udongo maalumu, anawapaka rangi kwa brashi yenye unywele mmoja. Leo alinijia na mmoja ndani ya kiboksi cha kiberiti.

"Baba yako alishika bendera kwa mkono upi?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

"Nisije nikamkosea."

Akanionyesha. Ni baba. Bega moja chini kidogo, suruali imefungwa kwa kamba, kofia imenyooshwa. Hakumfanyia kejeli yoyote. Mtu ambaye familia yake ilikula shida kwa sababu ya baba yangu amekaa usiku ngapi sijui akimnyooshea kofia.

"Amefanana?" akauliza.

"Amefanana."

"Nilikuwa namwogopa sana nikiwa mdogo. Lakini alikuwa nadhifu."

Nilikwenda msalani nikanawa uso. Niliporudi, Murray alikuwa amejaza gundi nyingi mno kwenye daraja na tukapata kitu cha kumgombeza.

Ninachokiona sasa ni hiki. Silvio aliniuliza swali mwezi wa Agosti, mbele ya meza, na mimi nikatoa ushahidi wa uongo kwa sauti ile ile ya baba. Sikushikilia bendera yoyote, sina mtu aliyekufa wa kuogopa, sina kazi ya kupoteza. Baba alikuwa na miaka ishirini na sita na mke mjamzito. Mimi kisingizio changu ni aibu tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Jana ilikuwa siku ya ajali. Silvio hakuja leo. Hajawahi kuja wiki ya tarehe hiyo, na katika miaka ishirini na sita ni leo nimeng'amua.

Jumanne, 29 Oktoba

Nilifika saa nane mchana, kabla ya wengine. Nimeng'oa miwa ndani ya kona na kusimamisha kambi juu ya nguzo zake, mahali futi yangu iliposema. Silvio alipoingia nilimwambia aketi. Nikampa picha, nikampa karatasi ya vipimo vya visiki, nikamwambia nimejua tangu Agosti, na kwamba aliponiuliza nilimdanganya.

Hakuketi. Akasoma kila kitu akiwa amesimama.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Bettina ikatoka darajani. Kwenye televisheni ukaja ukuta wa kambi, mbao baada ya mbao, madirisha niliyoyakata mwenyewe, ukajaza kioo kizima. Ukuta ukaisha. Ndipo akaonekana baba na bendera yake, mkubwa, karibu kabisa, na njia ya pembeni imeshaanza.

"Tena."

Nikarudisha. Mara nne. Kisha Silvio akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Mkoba wa vifaa vyake ameuacha, na yeye hauachi hata akienda msalani. Nilimwita nje, hakugeuka.

Murray akaja, akaiona kambi, akanitazama.

"Umefanya?"

"Nimefanya."

"Basi Jumamosi utaeleza wewe. Mimi mdomo wangu utanisaliti." Akanishika bega. Sikutegemea.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimepiga simu kwa Silvio mara mbili. Haipokelewi.

Jumapili, 3 Novemba

Maonyesho yalikuwa jana, kwenye ukumbi wa shule. Watu wengi, joto la kuua, keki za nazi zimeisha saa nne. Silvio hakuwepo asubuhi. Bettina tuliiendesha mimi na Murray, taratibu, maana si yetu.

Saa nane nikamwona. Amekaa safu ya nyuma kwenye viti vya watazamaji, amevaa koti, kana kwamba amekuja kanisani. Nikachukua kipaza sauti. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi lakini miwani ilikuwa na jasho, nikasema tu yaliyokuja.

Nikasema: "Mtakachokiona kwenye televisheni ndicho alichokiona dereva Ottavio Bressan tarehe kumi na nne Oktoba 1958. Angalieni mtaiona bendera wapi." Nikaendesha treni. Ukumbi ni wa watu wa miwa, wajukuu wa madereva. Waliangalia ukuta wa kambi unavyopita, kisha mtu mmoja mbele akasema, "Ah, Mungu wangu," kabla hata bendera haijaonekana.

Nikasema: "Mwenye bendera ni Wilf Tranter, baba yangu mzazi. Alisema aliiona injini tangu darajani. Kutoka pale haionekani. Bwana Bressan alisema kweli, na mji huu ulimwita muuaji mpaka alipokufa. Na mimi nilimwita."

Bibi mmoja akainuka akatoka nje. Wengine hawakujua waangalie wapi. Murray akaanza kueleza habari za gundi na sabuni, kwa sauti ya juu mno, na Mungu ambariki kwa hilo.

Nilimkuta Silvio nje, kwenye kivuli cha tangi la maji la shule. Nilijiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa naitaka, kusema kweli.

"Samahani," nikasema. "Kwa Agosti. Na kwa yote."

"Nilisikia. Umesema vizuri." Alikuwa akiizungusha kofia mikononi. "Dada, mimi nilitaka mita nne kwa sababu nilitaka kumkamata."

"Kumkamata nani? Baba yangu?"

"Baba yangu. Nilisema, nitajenga kila kitu sawasawa, niweke macho pale pale alipokuwa, nione bendera ikiwa wazi kabisa, halafu nimalize. Alikuwa mnywaji, unajua. Alianza kunywa baadaye, lakini mimi nikiwa mtoto sikujua baadaye ni lini. Kila Oktoba alikuwa anatueleza mezani: kulikuwa na kambi, sikuona, kulikuwa na kambi. Nami nilikuwa naenda kuangalia konani, hakuna kambi. Kuna nyasi. Miaka thelathini na tatu alinieleza, na kila alipoanza mimi nilikuwa nainuka natoka nje."

Ndani walikuwa wakipiga makofi, Bettina imefika yadini tena.

"Hata hospitalini," Silvio akasema. "Alianza, na mimi nikatoka nje."